Mkristo kuwafundisha Kiingereza watawa wa Kibuddha: niliyoyaona Chiang Mai, na maswali ya imani yanayozunguka kazi hiyo

Mwanzisha uzi

Habari za jioni, ndugu zangu. Kila inapotajwa kazi ya kujitolea nchini Thailand huzuka swali lilelile: je, ni halali kwa Mkristo kwenda kuwafundisha Kiingereza watawa wa Kibuddha, ndani ya hekalu lao, hatua chache tu kutoka ilipo sanamu ya Buddha? Mimi ni Mlutheri. Nimefundisha Kiingereza katika shule za sekondari hapa Tanzania kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na baada ya kustaafu nilikwenda Chiang Mai, kaskazini mwa Thailand, nikafundisha katika shule iliyo ndani ya uwanja wa hekalu. Jibu langu ni kwamba kazi hiyo ni halali na ni njema, ila kwa sharti ambalo silegezi hata kidogo: mwalimu asiifiche imani yake, na wala asiligeuze somo kuwa mtego wa kuwanasa wanafunzi wake. Naomba mnivumilie nieleze kwa urefu.

Kwanza wanafunzi wenyewe. Wengi wetu humfikiria mtawa kuwa mtu mzima aliyeweka nadhiri za maisha. Thailand mambo ni tofauti, kwani mwanamume anaweza kuvaa joho kwa majuma machache, kwa miaka kadhaa au mpaka kufa kwake, na akiamua kurudi uraiani hanyooshewi kidole. Walio chini ya umri wa miaka 20 ni wanovisi, nao hushika amri 10. Aliyefikisha miaka 20 anaweza kupewa daraja kamili, na hapo hufungwa na kanuni 227. Darasa langu lilikuwa la wanovisi, vijana wa umri wa kidato cha kwanza hadi cha nne, wengi wao watoto wa wakulima wa milimani, na wengine Washan ambao familia zao zimetoka upande wa Myanmar. Hekalu huwapa chakula, malazi na elimu bila ada. Mzazi asiye na uwezo humpeleka mwanawe hekaluni kwa sababu ileile iliyowafanya babu zetu wengi wawapeleke watoto wao katika shule za misheni, yaani kwa sababu mlango huo ndio uliokuwa wazi.

Kiingereza wanakihitaji kwa dhati. Chiang Mai ni mji wa watalii, na mgeni akiingia hekaluni mtu wa kwanza kumuuliza jambo ni mwenye joho aliye karibu naye. Katika Jumuiya ya Nchi za Kusini-Mashariki mwa Asia, ambayo mkataba wake wa mwaka 2007 unakitaja Kiingereza kuwa lugha ya kazi, kijana asiyekijua huachwa nyuma. Watakaovua joho wataomba kazi hotelini na katika kampuni za utalii, na watakaobaki wataingia vyuo vikuu vya watawa. Kikubwa kati ya hivyo, Mahachulalongkornrajavidyalaya, kilianzishwa mwaka 1887 na Mfalme Chulalongkorn, nacho kina tawi Chiang Mai katika hekalu la Wat Suan Dok, ambako wageni hukaribishwa kuketi na watawa na kuzungumza nao kwa Kiingereza.

Sasa darasani. Kwetu mwalimu akiingia, wanafunzi husimama na kumwamkia. Kule ni mimi niliyekutanisha viganja na kuinamisha kichwa, na vijana wa miaka 13 hawakunirudishia ishara hiyo, kwa kuwa aliyevaa joho hamwinamii mlei, hata awe mwalimu wake au mama yake mzazi. Mimi ni mwanamke, kwa hiyo lilikuwepo pia la kutokugusana. Madaftari niliyosahihisha sikuyatia mikononi mwao. Niliyapanga juu ya meza ya mbele, nikarudi nyuma hatua moja, ndipo kila mmoja akaja kuchukua lake. Mtawa anapopokea kitu rasmi kutoka kwa mwanamke hutandika kitambaa, na kitu huwekwa juu ya kitambaa hicho. Wenzangu wengi wa kutoka Ulaya waliliona jambo hili kuwa dharau kwa wanawake. Mimi niliyelelewa Uchagani, ambako tangu utoto nilifundishwa nani anapokea nini kwa mkono upi na akiwa ameketi wapi, sikuona ajabu. Kila nyumba ina taratibu zake, na mgeni huzikuta.

Kilichonisumbua zaidi ni vitabu. Vitabu vya kiada vya Kiingereza vimeandikwa kwa ajili ya watu wanaokula chakula cha jioni. Ukurasa wa mazoezi ya wakati uliopita huuliza ulikula nini jana usiku, na mbele yako wameketi vijana ambao hawali chakula kigumu baada ya saa sita mchana. Sura inayofuata ni ya sherehe, muziki na kucheza dansi, na amri ya saba kati ya zile kumi inawakataza kuimba, kucheza na kutazama maonyesho. Nyimbo, ambazo sisi walimu wa lugha huzitegemea sana, ilinibidi niziache kabisa. Nikaandika andalio la somo upya kutokana na maisha yao wenyewe: kuamka alfajiri, kupita barabarani peku wakiwa na bakuli kupokea chakula kutoka kwa waumini, kufagia uwanja, kumwelekeza mgeni mahali pa kuvulia viatu, kumweleza kwa adabu kwamba mabega na magoti yafunikwe. Hapo wavulana waliokuwa wakijibu kwa kutikisa kichwa walianza kusema sentensi nzima, kwa sababu walikuwa na jambo la kusema.

Kwa walimu wenzangu niongeze la matamshi. Kithai hakina konsonanti nyingi mwishoni mwa neno, na l ya mwisho hugeuka kuwa n, hata hoteli ikasikika "hoten". Vitenzi vyao havibadiliki kufuata wakati, kwa hiyo jana, leo na kesho hutambuliwa kwa maneno mengine katika sentensi. Sisi tuliozoea kubadilisha li, na na ta tuna faida hapa, kwani tunajua jinsi ya kumwonyesha mtu kwamba wakati unaweza kukaa ndani ya kitenzi chenyewe.

Mchangiaji, Mbeya

Shikamoo mama. Nimesoma kwa makini na ninaheshimu kazi yako, lakini moyo wangu haujatulia. Maandiko yanasema tusifungiwe nira pamoja na wasioamini. Kijana unayemfundisha leo anaweza kuwa kesho mhubiri wa Ubuddha katika nchi za Magharibi, na Kiingereza anachohubiri nacho umempa wewe. Je, huoni kwamba umeimarisha kazi inayopingana na Injili? Na ikiwa umekaa nao muda wote huo bila kuwahubiria, umekwenda kufanya nini kama Mkristo?

Mwanzisha uzi

Marahaba mwanangu. Umeuliza kwa adabu, nami nitakujibu kama ninavyoamini.

Katika shule zetu za hapa nyumbani nimefundisha watoto wa Kilutheri, Kikatoliki, Kiislamu na wasio na dini, na hakuna mzazi wala mchungaji aliyewahi kuniuliza kama yule mtoto wa Kiislamu atakuja kukitumia Kiingereza chake kuieleza dini yake. Tungemshangaa ambaye angeuliza. Lugha si mali ya kanisa tuweze kuigawa kwa walio wetu tu. Na Danieli na wenzake, ukisoma sura ya kwanza, walifundishwa elimu na lugha ya Wakaldayo na watu wasiomjua Mungu wa Israeli, na lugha hiyo haikuwapotosha; aliyewafundisha naye hakuwa na uwezo wa kuamua wangeitumia kusema nini mbele ya mfalme.

Kuhusu kuhubiri, ninaishikilia 1 Petro 3:15, inayotutaka tuwe tayari siku zote kumjibu kila mtu atuulizaye habari za tumaini lililo ndani yetu, "lakini kwa upole na kwa hofu". Mtume anazungumza juu ya kumjibu anayeuliza. Nao waliuliza. Mnovisi mmoja wa makamo ya miaka 16 alinisubiri nje ya darasa, akasimama umbali wa heshima pamoja na mwenzake, akaniuliza kama Mkristo aliyetenda ubaya mkubwa anaweza kuufuta kwa kutenda mema mengi. Swali hilo kwao ni zito sana, kwa sababu waumini wanaowapa chakula alfajiri wanafanya hivyo kukusanya stahili njema zitakazowafaa katika maisha haya na yajayo. Nilimwambia kwa Kiingereza chepesi kwamba sisi tunaamini hatuwezi kulipa, na kwamba tumelipiwa. Alinyamaza kidogo, akasema kwamba kwa mafundisho yao kila mtu ni mrithi wa matendo yake mwenyewe na hakuna awezaye kumbebea mwenzake. Tuliongea mpaka kengele ikalia. Sikumbadilisha, wala yeye hakunibadilisha, lakini kila mmoja aliondoka akiwa amesikia imani ya mwenzake kutoka kinywani mwa anayeiamini. Jioni ile nilimweleza mkuu wa shule mazungumzo yetu, maana sikutaka ayasikie kwa mtu mwingine.

Ningeweza kuyaingiza maneno hayohayo katika zoezi la kusoma, nikijifanya nafundisha viunganishi. Wapo wanaofanya hivyo, na wengine huandaliwa kabisa kwa ajili hiyo. Hilo ndilo ninalolikataa. Watoto wale hawakuchagua kuwa darasani kwangu, na mkuu wa hekalu alinifungulia mlango kwa neno nililompa kwamba nimekuja kufundisha Kiingereza. Nikivunja neno hilo kwa jina la Yesu, nitakuwa nimewafundisha nini juu ya Yesu?

Mchangiaji, Mombasa

Mwalimu, mimi ni Mwislamu na nimevutiwa na uzi huu. Sisi wa Pwani tunakumbuka kwamba shule nyingi za misheni zilikuwa na sharti la dini nyuma ya ubao, na wazee wetu wengi waliwazuia watoto wao kwa sababu hiyo. Watawa hao hawakuwa na hofu kama hiyo? Au kule historia ilikuwa nyingine?

Mwanzisha uzi

Historia yao inafanana na yetu kuliko nilivyotarajia, na ninashukuru umeiuliza.

Mfalme Mongkut wa Siamu, ambayo leo ni Thailand, kabla ya kutawala alikuwa mtawa kwa miaka 27, kuanzia 1824 hadi 1851, na kwa muda mrefu alikuwa mkuu wa hekalu la Wat Bowonniwet mjini Bangkok. Akiwa mtawa alijifunza Kilatini kwa askofu Mkatoliki wa Kifaransa, Pallegoix, ambaye kwa upande wake alijifunza Kipali, lugha ya maandiko ya Kibuddha, kwa Mongkut. Kiingereza alikisoma kwa wamisionari Waprotestanti wa Marekani, na mwalimu wake wa karibu, kuanzia mwaka 1845, alikuwa Jesse Caswell. Mapatano yao yalikuwa ya wazi: Caswell atamfundisha mtawa Kiingereza, na kwa malipo atapewa chumba katika uwanja wa hekalu apate kuwahubiria watakaopenda kumsikiliza. Kila mmoja alijua mwenzake anataka nini. Mongkut hakuwahi kuwa Mkristo, bali aliurekebisha utawa wa Kibuddha na kuanzisha tapo la Dhammayut ambalo lipo hadi leo. Hata hivyo Caswell alipofariki mwaka 1848 urafiki wao haukusahauliwa, na Mongkut akiwa mfalme alimtumia mjane wake zawadi ya fedha.

Linganisha na yaliyotokea baadaye. Mwanzoni mwa miaka ya 1850 wake wa wamisionari waliruhusiwa kuwafundisha wanawake wa ikulu, na baada ya miaka michache masomo yakasimamishwa. Mwaka 1862 mfalme alipomwalika Anna Leonowens kuja kufundisha, alimwandikia bayana kwamba anataka lugha ya Kiingereza, sayansi na fasihi, na si kuwaongoa watu wawe Wakristo. Ni mtu yuleyule aliyempa Caswell chumba cha kuhubiria. Mimi naiona tofauti katika uwazi: mahubiri ya Caswell yalikuwa na mlango wake, na somo lilikuwa na lake.

Huko Chiang Mai kwenyewe yapo ya kuhuzunisha. Daniel McGilvary alifungua misheni ya Kipresbiteri mwaka 1867, na mwaka 1869 waumini wawili wa kwanza wa eneo hilo, Nan Chai na Noi Sunya, waliuawa kwa amri ya mtawala wa Chiang Mai. Tangazo la kuwapa watu wa kaskazini uhuru wa dini lilitolewa mwaka 1878. Kwa hiyo hofu ilikuwepo pande zote mbili, na iligharimu maisha. Leo Wakristo ni kama asilimia moja ya watu wa Thailand, wana Chuo Kikuu cha Payap palepale Chiang Mai, na mtawa anaweza kumkaribisha Mlutheri kutoka Kilimanjaro ashike chaki katika shule ya hekalu. Sitaki sisi tunaokwenda kwa kujitolea tuuharibu uaminifu huo uliopatikana kwa shida.

Mchangiaji, Moshi

Mwalimu mpendwa, mimi ni mchungaji. Naomba ufafanuzi wa mambo mawili ambayo vijana wangu wataniuliza. Ulipokuwa ndani ya hekalu, uliinama mbele ya sanamu? Na chakula ulichokula pale, kilikuwa kimetolewa sadaka kwa sanamu?

Mwanzisha uzi

Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Sikuinama. Wao husujudu mara tatu, na siku za ibada nilipoalikwa nilikaa nyuma kabisa, miguu nimeikunja pembeni ili nyayo zisielekee kwenye sanamu, kichwa kikiwa chini kuliko cha watawa, nikanyamaza. Nilikuwa nimemweleza mkuu wa shule tangu mwanzo kwamba mimi humsujudia Mungu mmoja tu, akanijibu kwamba hawamtaki mgeni afanye asichokiamini. Kuwainamia watawa kwa viganja viwili ni jambo lingine; hiyo ni heshima kwa watu walio hai, kama nilivyokuamkia wewe hivi sasa. Na kwa yule ambaye dhamiri yake bado inasumbuka, ningemwomba asome habari za Naamani katika 2 Wafalme 5, alivyomweleza Elisha kwamba bwana wake humwegemea mkononi wakati wa kuinama katika nyumba ya Rimoni, mungu wa Washami, na jibu alilopewa lilikuwa "Enenda kwa amani". Silichukui kuwa ruhusa ya kuabudu sanamu. Nalichukua kuwa ushahidi kwamba nabii alijua tofauti kati ya mwili ulioko mahali fulani na moyo ulioko mahali pengine.

Chakula ni kile walichopewa na waumini alfajiri. Watawa wakishamaliza kula, kinachobaki huliwa na walei wa hekaluni, na mimi nilikula pamoja na wapishi: wali wa kunata, mboga, mara nyingine samaki wa kuchoma. Nilifuata 1 Wakorintho 10:27, nikala kilichowekwa mbele yangu bila kuulizauliza. Vilikuwepo vyakula vilivyowekwa mbele ya sanamu, hivyo vilionekana wazi, na hakuna aliyenikaribisha kuvila.

Mchangiaji, Dar es Salaam

Nichangie kidogo kwa upande wetu Wakatoliki. Tamko la Nostra Aetate la tarehe 28 Oktoba 1965 linautaja Ubuddha kwa jina na kusema kwamba Kanisa halikatai lolote lililo la kweli na takatifu katika dini hizo. Papa Fransisko alipokwenda Thailand mwezi Novemba 2019 alimtembelea Patriaki Mkuu wa Wabuddha katika hekalu la Wat Ratchabophit. Na kwa wanaodhani haya ni mambo ya mbali, hapa Upanga lipo hekalu la Wabuddha lililoanzishwa na Wasinhala waliotoka Sri Lanka, miongo mingi kabla ya uhuru. Anayetaka kujua kama anaweza kukaa na watawa kwa heshima aanzie hapo kabla ya kununua tiketi.

Mwanzisha uzi

Ushauri mzuri sana, nauunga mkono. Aniongezee mwingine.

Mchangiaji, Dodoma

Shikamoo mwalimu. Nimehitimu shahada ya ualimu, bado sijaajiriwa, na ningependa kwenda kujitolea kama ulivyofanya. Nianzie wapi, na niandike nini katika barua ya maombi? Rafiki zangu wananishauri nisitaje kabisa kwamba mimi ni Mkristo, kwa kuwa wataninyima.

Mwanzisha uzi

Marahaba, binti yangu. Anza na vibali. Kwa kawaida sheria ya Thailand huihesabu kazi ya kujitolea kuwa kazi, hata kama hulipwi chochote, kwa hiyo usiende kwa viza ya utalii ukidhani hakuna atakayekuuliza; uulize ubalozi wao, na shule inayokupokea ikupe barua rasmi. Uhakikishe pia nani atabeba gharama. Hekalu linaweza kukupa chumba na chakula, ila nauli na bima zitakuwa juu yako, na jihadhari na mawakala wanaotoza fedha nyingi kwa nafasi ambazo shule zenyewe hazidai kitu.

Mwaka wa masomo huanza katikati ya mwezi Mei. Kuanzia mwezi Julai hadi Oktoba ni kipindi cha mvua ambacho watawa hubaki katika hekalu moja kwa miezi mitatu, na kwa mwalimu huo ni wakati mzuri, kwa sababu mahudhurio hayakatiki sana. Mwezi Aprili uuache. Ni joto kali, shule zimefungwa, na tarehe 13 hadi 15 nchi nzima iko katika sikukuu ya mwaka mpya. Siku zao za ibada hufuata mwandamo wa mwezi, mara nne kwa mwezi, na masomo husimama, kwa hiyo usipange mtihani kabla ya kuitazama kalenda yao.

Beba sketi ndefu na blauzi zenye mikono. Jifunze salamu za Kithai kabla ya kuondoka. Ukikaa kwenye gari la abiria na mtawa akaingia, mpishe, usikae ubavuni mwake.

Kuhusu barua, marafiki zako wanakutakia mema lakini wanakukosesha. Taja kanisa lako. Andika kwamba wewe ni Mkristo, kwamba utahitaji Jumapili asubuhi kwa ajili ya ibada, na kwamba darasani utafundisha Kiingereza. Mimi niliandika hivyohivyo, na swali pekee nililorudishiwa lilikuwa kama ninaweza kufundisha matamshi kwa darasa la wanafunzi arobaini lisilo na vinasa sauti. Ukikamilisha barua yako, iweke hapa bila jina lako, nami nitaipitia.